Pikipiki ya Zamani na Msitu wa Nyaya

(Mazungumzo na mafundi vijana na madereva wa bodaboda, Ngamiani, Tanga)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, salama? Nashukuru kwa kiti na kwa kahawa. Walionialika wameniomba mambo mawili: nizungumze nusu saa tu, na nisigeuze kijiwe kuwa darasa. La darasa nitajitahidi. La nusu saa, wanaonijua hapa wameshaanza kucheka.

Nimekuja na ushahidi. Huu mzigo niliouweka mkekani, unaofanana na wavu ulionasa mwambani, ni wayaringi, yaani fungu zima la nyaya za umeme, niliyoitoa wiki iliyopita kwenye Honda CG125 ya zamani. Mwenyewe anabebea samaki kutoka soko la Deep Sea. Nimeupima kwenye mizani ya dukani kwa jirani: kilo moja na robo. Wayaringi niliyomrudishia haizidi gramu 600. Taa ya mbele inawaka, ya nyuma inawaka, ya breki inawaka, indiketa zote nne, honi, na ile taa ya kijani ya gia huru. Hakupungukiwa kitu. Sasa jiulizeni, hizo gramu nyingine 650 zilikuwa na kazi gani?

Kulikuwa na nyaya za alamu. Alamu yenyewe ilishakufa na kutupwa, nyaya zake zikabaki zinalipiwa nauli. Kulikuwa na nyaya za redio, na za zile taa za rangi wanazofunga vijana chini ya injini pikipiki ipendeze usiku. Kulikuwa na waya wa nyumbani, ule mgumu wenye uzi mmoja ndani. Na kulikuwa na waya wa taa ya nyuma, kutoka shingoni mpaka mkiani, wenye maungio saba. Saba! Kila fundi aliyeukuta umekatika aliongeza kipande, akazungushia soletepu, akapokea chake, akaenda zake. Nilipoufungua nikakuta maungio mawili kati ya hayo saba nayajua, maana namna ile ya kusokota waya ni ya mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo msinione nimekaa kwenye kiti mkadhani nimekuja kuwasema. Nami nimo.

Ninachotaka muondoke nacho ni kwamba kurahisisha umeme wa pikipiki hakuanzi na mkasi. Vijana wengi wakisikia "punguza waya" wanakata kwanza, halafu wanapiga kiki, halafu ndipo wananipigia simu. Waya unaondolewa baada ya kujulikana unatoka wapi, unakwenda wapi, na nini kitakosa kazi usipokuwepo. Usipoyajua hayo matatu, uache. Hata kama ni mchafu, uache.

Nitawapa kisa changu cha aibu ili tuelewane. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana na nywele zangu zote, nilikuwa natoka Pangani usiku na Honda yangu. Nikafika karibu na Kigombe, taa zikazimika. Fyuzi imeungua. Nikaweka ya akiba, mwendo wa dakika mbili, ikaungua nayo. Sina nyingine. Abiria wangu alikuwa mvutaji, nikamwomba pakiti yake ya sigara, nikachukua ile karatasi ya kung'aa, nikaizungushia fyuzi iliyokufa, nikairudisha. Taa pwaa! Nikajiona profesa. Hatukufika mbali. Moshi ulianza kutoka chini ya tanki, na tanki nilikuwa nimelijaza Pangani. Tuliuzima kwa mchanga wa barabarani, mimi na yule bwana, kila mmoja anajaza kanzu yake. Asubuhi nilipofungua nikaona: waya mkuu wa betri ulikuwa unasuguana na chuma cha kushikia tanki, pale shingoni ambapo usukani unageuka, mpaka ganda likaisha na shaba ikawa inagusa fremu. Ile fyuzi ilikuwa inaniambia kweli mara mbili, mimi nikaiziba mdomo kwa karatasi ya sigara.

Sasa tuifungue pikipiki kwa akili.

Pikipiki ya zamani inaogopesha ukiitazama kama msitu, lakini ndani yake kuna nyumba tatu tu. Nyumba ya kwanza ni ya cheche, inayofanya plagi ipige. Nyumba ya pili ni ya chaji, inayolisha betri. Nyumba ya tatu ni ya matumizi: taa, honi, indiketa. Kila waya una kwao katika nyumba moja kati ya hizo. Ukiupata waya usio na nyumba, huyo ndiye mgeni unayeweza kumtoa.

Nianze na cheche, maana hapo ndipo kuna jambo ambalo hata wakubwa wanalikosea. CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976. Zile za mwanzo zilikuwa za volti 6 na zilitumia pointi na kondensa. Baadaye zikaja za volti 12 zenye CDI, kile kisanduku cha kielektroniki kinachopigisha cheche badala ya pointi. Muundo ule ule ukachukuliwa na viwanda vingi vya China, ndiyo maana pikipiki nyingi mnazoziendesha, hata ziwe na jina jingine tangini, ukizivua nguo ni ndugu wa CG. Katika aina hiyo, CDI mara nyingi ina nyaya tano. Mweusi wenye mstari mwekundu unaleta umeme kutoka koili iliyomo ndani ya magneti, ile inayozungushwa na injini ikazaa umeme. Wa bluu wenye mstari mweupe unaleta ishara ya lini plagi ipige. Mweusi wenye mstari wa njano unakwenda kwenye koili ya plagi. Wa kijani ni wa bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri na fremu. Na wa tano, mweusi wenye mstari mweupe, ni wa kuzimia injini.

Huo wa tano uangalieni vizuri. Watu wanadhani swichi ya funguo inafungulia umeme cheche. Kwa CDI ya namna hii ni kinyume. Cheche inajitegemea, haili betri kabisa, inalishwa na magneti. Ufunguo ukiwa umezimwa, swichi inaushusha ule waya kwenye bodi, na cheche inakufa. Ukiwasha, swichi inauachia. Basi pikipiki imekataa kuwaka, plagi haipigi, umeshabadilisha plagi na CDI na koili, umemaliza hela za mwenye pikipiki? Chomoa kwanza ule mweusi wa mstari mweupe, upige kiki. Cheche ikirudi, CDI haina kosa. Waya huo umegusa fremu mahali fulani, au swichi ya funguo imejaa kutu. Nimeona CDI nzima ngapi zimetupwa hapa mjini kwa sababu ya waya mmoja! Na ukiukata moja kwa moja kwa kurahisisha, injini haitazimika kwa ufunguo, utakuwa unaizima kwa kuizamisha kwenye gia. Ndiyo kurahisisha gani huko?

Tahadhari moja hapo: ule mweusi wenye mstari mwekundu usiushike kwa mkono huku mwenzio anapiga kiki. Unapita umeme wa volti mia na zaidi. Ukikupiga, utakumbuka jina la shangazi yako.

Zipo pikipiki ambazo CDI yake inakula umeme wa betri. Hizo ukiondoa betri huna cheche. Kuzitofautisha hakuhitaji kitabu. Chomoa fyuzi kubwa, chomoa plagi, iwekee kofia yake, ilaze chuma chake kiguse kichwa cha injini, mbali na tundu la plagi kwa sababu ya mvuke wa petroli, washa ufunguo, piga kiki. Cheche ikiruka, nyumba ya cheche inajitegemea. Isiporuka, na ikaruka baada ya kurudisha fyuzi, basi inategemea betri, na mipango yako yote ya kupunguza nyaya ianzie hapo.

Nyumba ya chaji nitaipita haraka kwa kuwa haina cha kupunguza. Magneti inatoa mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi, na betri haiutaki huo. Rektifaya inaunyoosha na kuupunguza ukizidi. Ile ya nyaya nne mliyoizoea: mmoja unaleta umeme wa kuchaji kutoka magneti, wa njano ni wa taa, mwekundu unakwenda betri, wa kijani ni wa bodi. Ule wa kijani ukilegea, rektifaya haina pa kumwagia umeme uliozidi, na ndipo balbu zinaungua kila ukivuta mafuta. Watu wanalaumu balbu. Pimeni kwa mita kwenye betri: injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ukiwasha na kupandisha mafuta, isome 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki 12, haichaji. Ikipita 15, rektifaya au bodi yake ina matatizo, na betri yako inachemshwa kama chai.

Kuna kijana hapa mbele ameinua mkono tangu nianze. Sema, mwanangu. Anauliza kwa nini taa ya mbele ya pikipiki yake inafifia akisimama kwenye kona za Barabara ya 12, na inang'aa akiondoka. Kwa sababu kwenye pikipiki nyingi za namna yake taa ya mbele hailishwi na betri, inalishwa moja kwa moja na ule waya wa njano wa magneti. Injini ikienda polepole, magneti inazunguka polepole, taa inafifia. Si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa. Na ndiyo sababu ukiifunga taa ya LED kwenye waya huo inapepesa kama ina usingizi. Taa ya LED inataka umeme ulionyooka, wa upande wa betri. Kuihamishia huko kunawezekana, lakini kwanza hakikisha chaji yako inatosha, la sivyo utakuwa unakuta betri imekufa kila asubuhi.

Sasa nyumba ya tatu, ya matumizi. Huku ndiko msitu ulikoota.

Fanyeni hesabu ndogo, ya darasa la saba. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa ya mbele ya wati 35 kwenye volti 12 inakula karibu ampea 3. Balbu ya breki ya wati 21 inakula ampea 1 na robo tatu. Indiketa mbili za wati 10 zinazowaka pamoja, karibu ampea 1.7. Taa ndogo ya nyuma ya wati 5 haifiki hata nusu ampea. Honi tuipe 2. Vyote vikifanya kazi kwa pamoja, na hata taa ya mbele ikiwa upande wa betri, hujafika ampea 9. Ndiyo maana fyuzi ya ampea 10 inatosha. Mtu anayekuwekea ya 30 ili isiungue anakupa karatasi ya sigara ya bei kubwa.

Fyuzi hiyo moja iwe karibu kabisa na betri, kabla waya mwekundu haujaenda popote. Kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi, kisifike hata urefu wa kiganja. Dereva anayechaji simu barabarani amwekee chaja fyuzi yake ndogo ya ampea 3 au 5, pembeni, isichanganyike na honi na breki. Simu ikileta shoti, ife simu, breki ibaki inawaka.

Kutoka kwenye fyuzi umeme unakwenda swichi ya funguo. Kutoka swichi unatoka waya mmoja ambao una umeme ufunguo ukiwashwa tu. Huo ndio mti, na vingine vyote ni matawi yake: swichi za breki za mbele na nyuma, honi, flasha (kile kifaa kinachozipepesha indiketa), taa ya gia huru. Uupitishe mti huo chini ya tanki mara moja, na matawi yatoke karibu na kifaa chenyewe. Wayaringi mbovu niliyoileta ina waya wenye umeme wa ufunguo unaopanda mbele na kurudi nyuma mara nne, kwa sababu kila aliyeongeza kitu alikwenda kuchota umeme kwenye swichi upya.

Rangi. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana hapa pameunguza nyaya nyingi kuliko pengine popote. Kwenye Honda na ndugu zake wa China, kijani ni bodi, mwekundu ni betri, mweusi ni umeme wa ufunguo. Kwenye Yamaha, mweusi ndio bodi! Umeme wa ufunguo ni kahawia. Suzuki bodi yake ni mweusi wenye mstari mweupe, na umeme wa ufunguo ni wa rangi ya chungwa. Sasa chukua fundi aliyekulia kwenye Yamaha DT, mletee CG. Anaona mweusi, anaufunga kwenye fremu kwa spana akiwa na furaha. Amefunga umeme wa ufunguo kwenye bodi. Fyuzi ikiwa mzima, inaungua na hakuna ubaya. Fyuzi ikiwa na karatasi ya sigara, mnajua tulikofika. Na mkumbuke, pikipiki ya miaka 30 imeshapita mikono ya watu. Rangi inakuonyesha mahali pa kuanzia kutafuta, haikuapii kitu. Pima kwa testa kila waya kabla ya kuuamini.

Wazee wetu wa majahazi walisema mwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Umeme ndivyo ulivyo. Ukitoka betri, ukazunguka taa na honi, lazima urudi nyumbani kwenye upande wa hasi, na usipopata njia ya kurudi, haufanyi kazi. Kwenye pikipiki nyingi za zamani fremu ya chuma inatumika kama njia ya kurudia, na pikipiki ikiwa mpya njia hiyo ni safi. Ikizeeka, fremu ina rangi juu ya kutu juu ya rangi. Kuna taa za mbele zinazorudisha umeme wake kupitia gololi za shingo ya usukani, zilizojaa grisi. Halafu tunashangaa. Mmewahi kuona mtu anakanyaga breki na indiketa zinawaka kwa mbali, rangi ya chungwa iliyofifia? Hiyo si miujiza. Taa ya breki imekosa njia yake ya kurudi, ikapita kwa jirani, ikarudi kupitia balbu za indiketa.

Kwa hiyo mimi, kinyume na ninachohubiri, nyaya nyingine naziongeza. Waya wa bodi nauendesha pamoja na wayaringi kutoka kwenye hasi ya betri, unakwenda mpaka taa ya mbele na mpaka taa ya nyuma, kila kifaa kinapata njia yake ya kurudi bila kuitegemea fremu. Pale unapofungwa kwenye injini na fremu, nasugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, nafunga, halafu napaka grisi juu. Juu, baada ya kufunga. Hapo nimeongeza mita mbili za waya, nikapunguza maradhi kumi.

Haya yote yana uzito zaidi kwetu kwa sababu ya mahali tulipo. Fundi wa Dodoma anaweza kusokota waya na soletepu ukakaa miaka. Sisi tuna bahari. Ukiacha shaba wazi pale Raskazone au Sahare, haipiti mwezi imeshakuwa ya kijani. Na wabeba samaki ndio wana mtihani mkubwa, maana barafu inayeyuka kwenye tenga, maji ya chumvi yanachuruzika juu ya mkia wa pikipiki, yanaingia kwenye konekta za taa ya nyuma. Chumvi na maji na umeme vikikutana, shaba inaliwa. Ungio lililoliwa hivyo likawa na ukinzani wa nusu omu tu, kwenye taa ya ampea 3 linakuibia karibu volti moja na nusu. Taa inapoteza zaidi ya theluthi ya mwanga wake, na wewe umeenda dukani kununua balbu kubwa zaidi. Kwa wale wenye pikipiki za volti 6 mabaya yanazidi sana. Wati zile zile kwa volti nusu zinataka ampea mara mbili, na ungio lile lile linaiba mara mbili kutoka kwenye akiba iliyo nusu. Wanaosema volti 6 zilikuwa mbovu toka kiwandani, wengi wao hawakuwahi kuziona na nyaya safi.

Basi ungio bora ni lile lisilokuwepo. Waya wa taa ya nyuma uwe mmoja, mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali ambapo lazima uunge, tumia kichwa cha waya kilichobanwa kwa koleo lake, si kwa meno wala kwa kugongwa na nyundo. Ukilehemu kwa risasi ni sawa, lakini jueni kwamba waya uliolehemiwa unakuwa mgumu, na mtikisiko wa pikipiki unaukata pale pale risasi inapoishia. Ushikizwe usichezecheze. Vika ule mpira unaosinyaa kwa joto, halafu ndipo soletepu, kama unaipenda.

Waya wenyewe uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, ule wa magari. Milimita mraba 0.75 unatosha taa ndogo, honi na indiketa. Waya mkuu wa betri, wa bodi na wa taa ya mbele tumieni 1.5. Ule wa nyumbani wenye uzi mmoja uacheni ukutani, ambako hakuna kinachotikisika. Kwenye pikipiki unachoka kama chuma unachokipinda na kukipindua, unakatikia ndani ya ganda, nje unaonekana mzima, na wewe utautafuta siku tatu.

Na msifunge nyaya kwa katani. Najua, sisi ni watu wa mkonge, mimi nimefunga kwa katani kila kitu kuanzia mbuzi mpaka tanki. Lakini katani inakunywa maji na kuyaweka. Nilizifunga nyaya zangu vizuri sana, zikakaa zimekumbatia unyevu wa bahari masika nzima. Tumieni klipu za plastiki, au vipande vya tyubu ya ndani.

Nyaya zikiwa zimelazwa, kabla hujarudisha tanki, geuza usukani mpaka mwisho wa kulia, halafu mpaka mwisho wa kushoto. Waya wowote unaonyooka kama kamba ya kuanikia nguo, mwongezee ulegevu. Wowote unaobanwa, mhamishe. Kisha angalia kwamba hakuna unaogusa sailensa wala kichwa cha injini.

Nini kiondolewe, nini kibaki? Alamu iliyokufa, itoke. Taa za rangi za chini ya injini, mimi nazitoa, mkitaka kunipiga nipigeni. Stata ya umeme ambayo imeoza, na pikipiki ina kiki nzima, mwenyewe akikubali, itoke pamoja na relei yake na ule waya wake mnene. Lakini taa ya breki haitoki, na swichi zake mbili, ya mkono na ya mguu, hazitoki. Indiketa hazitoki. Wapo vijana wanaovua pikipiki mpaka ibaki kama baiskeli, wanasema ndiyo usafi wenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na trafiki wa Chumbageni mnawajua. Lakini tuache trafiki. Ukiwa na abiria nyuma, mama mwenye mtoto, usiku, na lori la saruji linakuja nyuma yako, utakuwa umeweka akiba ya waya wa mita moja.

Indiketa za LED, kwa mnaozipenda: zinakula kidogo mno, na flasha ya zamani inategemea mkondo wa balbu ili ipige. Utaona zinawaka bila kupepesa, au zinapepesa mbio mbio kama moyo wa mwizi. Badilisha flasha, weka ile ya kielektroniki isiyojali mzigo. Usibadilishe nyaya.

La mwisho ni ujanja wa kutafuta shoti, nilioupata kwa fundi mmoja mzee, Mungu amrehemu. Fyuzi inaungua na hujui kwa nini? Usiendelee kuchoma fyuzi, utamaliza duka. Chukua balbu ya breki, ya wati 21, iunge nyaya mbili, ichomeke mahali pa fyuzi. Sasa umeme wote wa pikipiki unapita kwenye balbu hiyo, nayo haitaruhusu zaidi ya ampea mbili kupita, kwa hiyo hakuna kitakachoungua. Zima taa na honi na kila kitu, washa ufunguo. Shoti ikiwepo, balbu itang'aa kabisa. Sasa tulia. Tikisa wayaringi pale shingoni. Chomoa konekta moja, halafu nyingine. Siku balbu itakapofifia au kuzimika ghafla, mkono wako uko juu ya ugonjwa. Mimi nikiwa na balbu hii ile usiku wa Kigombe, na akili ya kuitumia, kanzu ya yule bwana isingejaa mchanga.

Naona saa imeshapita, na yule aliyenialika anaitazama ya kwake. Maneno yatoshe. Wewe, mwanangu wa taa inayofifia, pikipiki yako iko pale kwenye mwarobaini? Ilete hapa kivulini. Mmoja apige picha ya nyaya kwa simu kabla hatujagusa kitu, mwingine achukue daftari achore, hata kama mchoro wake utakuwa mbaya. Nani ana bisibisi? Toa siti. Tunaanza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri, huo kwanza kabla ya mwekundu, ili spana ikiteleza ikagusa fremu isipige cheche.